Kusukumana si Kusukuma Pamoja: Kuelewa Kanuni za Nguvu na Kusaidiana katika Mchezo wa Mezani

Utangulizi

Mwaka jana nilitafsiri kurasa nne za kanuni za mchezo kwa ajili ya vijana sita wa Birere, nikakosea kiambishi kimoja. Kosa lenyewe lilikuwa silabi mbili tu, -ana. Silabi hizo zilimvunja mguu mhusika wa binti mmoja, zikazua ubishi wa nusu saa, na binti mwenyewe akakaa majuma mawili bila kurudi mezani. Makala haya (si yale tunayowashia jiko) yanaeleza kosa hilo. Yanaonyesha pia kwamba lilikuwa kosa la isimu kabla ya kuwa kosa la mchezo, na kwamba kanuni za nguvu na kusaidiana zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili anachokielewa msukuma chukudu sawasawa na mhadhiri.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Hauna ubao wa lazima wala mshindi mmoja. Mtu mmoja huongoza hadithi. Wengine huigiza kila mmoja mhusika wake, wakisema anachofanya. Jambo likiwa na shaka, dadu ya pande 20 ndiyo inayoamua. Toleo la tano, ambalo ndilo tunalolitumia, lilianza kutoka mwaka 2014. Mwezi wa Januari 2023 sehemu ya msingi ya kanuni zake iliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons, hivyo mwanafunzi yeyote anaweza kuitafsiri na kuigawa bila kuomba ruhusa, mradi ataje ilikotoka. Mimi niliisoma kwa Kifaransa, kama tulivyozoea kusoma kila kitu, nikaigeuza kwa Kiswahili ili wenzangu wa Birere wasihitaji mkalimani kila Jumamosi.

1. Nguvu kama namba

Katika mchezo huu kila mhusika ana sifa sita zilizoandikwa kwa namba, na Nguvu ni mojawapo. Mtu wa kawaida ana Nguvu 10. Kutoka kwenye namba hiyo hupatikana nyongeza: toa 10, gawa kwa 2, na kama kuna nusu, shuka chini. Mwenye Nguvu 16 ana nyongeza ya 3. Mwenye 10 hana nyongeza. Mwenye 8 hupunguziwa 1.

Namba hiyohiyo huonyesha uwezo wa kubeba. Zidisha Nguvu kwa ratili 15 na utapata mzigo ambao mhusika anaweza kutembea nao. Kusukuma, kukokota au kuinua ni mara mbili ya hapo, ingawa anayesukuma au kukokota mzigo unaozidi uwezo wake wa kubeba huenda polepole mno. Mezani kwetu ratili hazikumwambia mtu chochote, kwa hiyo tulizigeuza kuwa mifuko ya saruji ya kilo 50. Mwenye Nguvu 16 anabeba ratili 240, karibu kilo 109: mifuko miwili. Mwenye Nguvu 10 anabeba kilo 68: mfuko mmoja. Mwenye Nguvu 8 anabeba kilo 54: mfuko mmoja, na hawezi kuongeza wa pili.

Hapa tatizo la kwanza la lugha lilijitokeza. Nomino nguvu, katika ngeli yake, haibadiliki umbo kati ya umoja na wingi. Upatanisho ndio unaobeba idadi. Kiswahili sanifu hupenda wingi: nguvu zangu zimeisha. Mchezo nao unataka kitu kimoja kinachohesabika na kumilikiwa na mtu mmoja. Niliamua kuandika Nguvu yake ni 16, kwa herufi kubwa na upatanisho wa umoja, na kuacha nguvu zake kwa maana ya kila siku. Uamuzi huo ulifaa kwenye karatasi tu. Katika Kiswahili cha mtaani kwetu upatanisho wa ngeli umepungua, na utasikia nguvu yangu kwa maana zote mbili. Tena herufi kubwa haisikiki. Sasa tunasema alama ya Nguvu, na ugomvi huo umekwisha. Ni funzo dogo: kanuni zinazosomwa kwa sauti hazina budi kutafsiriwa kwa ajili ya sikio.

2. Njia mbili za kusaidiana katika kanuni

Kanuni zina njia mbili kuu za kufanya kazi pamoja, nazo hazifanani.

Ya kwanza ni msaada. Mmoja anaongoza kazi, mwingine anamsaidia. Anayeongoza ndiye anayerusha dadu, lakini anarusha mbili na kuchukua iliyo kubwa. Kuna masharti. Msaidizi awe mtu ambaye angeweza kujaribu kazi hiyo peke yake. Kazi iwe ya aina ambayo mkono wa pili unaleta tofauti. Watu wawili hawawezi kutia uzi kwenye tundu la sindano moja. Tena wasaidizi hata wakiwa kumi, dadu zinabaki mbili.

Sharti la mwisho lilipingwa sana mezani. Mmoja wetu, anayesukuma chukudu kwa riziki yake, alisema watu kumi hawawezi kuwa sawa na wawili. Kisha akafikiri, akajijibu mwenyewe: katika vichochoro vya Birere, katikati ya kuta za mbao, nyuma ya chukudu kuna nafasi ya mikono ya watu wawili, labda watatu. Waliobaki wanatoa ushauri tu.

Njia ya pili ni jaribio la kundi. Hapa hakuna kiongozi. Kila mmoja anarusha dadu yake. Angalau nusu yao wakifaulu, kundi zima limefaulu. Wasipofika nusu, kundi zima limeshindwa. Wenye uwezo wanawavuta wasio na uwezo, na wasio na uwezo wakizidi wanawaangusha wote.

Tofauti inaonekana vizuri kwa hesabu. Tuseme kuna mlango mzito ambao ugumu wake ni 15, yaani dadu pamoja na nyongeza lazima vifike 15.

Mwenye Nguvu 16, akiwa peke yake, anafaulu kwa asilimia 45.
Mwenye Nguvu 16 akisaidiwa anafaulu kwa asilimia 70.
Mwenye Nguvu 8, akiwa peke yake, anafaulu kwa asilimia 25.
Mwenye Nguvu 8 akisaidiwa anafaulu kwa asilimia 44.
Kundi la wanne wenye Nguvu 16, 10, 10 na 8, kila mmoja akirusha yake, linafaulu kwa asilimia 39.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa. Kwanza, mdhaifu anayesaidiwa anakaribia kabisa kumfikia mwenye nguvu aliye peke yake. Pili, watu walewale wanne wana nafasi ndogo katika jaribio la kundi kuliko mwenye nguvu akisaidiwa na mmoja wao tu. Kwa hiyo kuchagua njia ni jambo zito kwa wachezaji. Mwenye kutafsiri akichanganya njia hizi mbili, amebadilisha nafasi ya watu kufaulu bila kugusa namba hata moja.

3. Kosa lenyewe

Nilipofika kwenye jaribio la kundi, niliandika hivi:

(1) Wahusika wakisukumana mlangoni, kila mmoja arushe dadu. Nusu yao wakifaulu, kundi limefaulu.

Nilikusudia watu wanaoegemea mlango mmoja na kuusukuma kwa pamoja. Siku hiyo nilichelewa kufika. Mwongozaji alikuwa ameshasoma sentensi (1) kama ilivyoandikwa: watu wanagombania kupita mlangoni, wanasukumana, nusu wanafaulu kuingia na nusu wanabaki nje. Wahusika walikuwa juu ya ngazi za mawe. Binti, ambaye mchana humsaidia mama yake kuuza sambaza, alirusha 4. Mwongozaji akaamua kwamba mhusika wake amesukumwa na wenzake, ameanguka ngazi zote na amevunjika mguu. Binti aliuliza kwa nini wenzake wamsukume wakati wote wako upande mmoja. Hakuna aliyekuwa na jibu, maana karatasi ndiyo iliyosema.

Nilipoingia, msukuma chukudu alinionyesha mstari kwa kidole.

– Yaya, hapa umeandika banasukumana. Njo kusema banagombana?

– Hapana, wanasukuma mlango wote pamoja.

– Basi andika banasukuma. Kama banasukumana, mulango itabakia pale pale.

Nimesoma isimu miaka minne, na sijasikia maelezo bora ya kauli ya kutendana kuliko hayo.

4. Jiwe limekwenda wapi?

Vitabu vyetu vya sarufi hueleza kwamba kiambishi -an- huonyesha kutendeana: A anamtenda B, na B anamtenda A. Mara nyingi tunaishia hapo, tukitoa mifano ya pendana na salimiana. Kinachosahaulika ni kwamba kiambishi hiki hula nafasi ya yambwa, yaani nafasi ya yule au kile kinachopokea tendo. Kitenzi sukuma kina nafasi mbili: msukumaji na kinachosukumwa. Ukiongeza -an-, nafasi ya kinachosukumwa inajazwa na wasukumaji wenyewe. Mlango hauna tena mahali pa kukaa:

(2) Wanasukuma mlango.
(3) Wanasukumana.
(4) *Wanasukumana mlango.

Sentensi (4) haikubaliki, na ndiyo maana katika (1) nililazimika kuandika mlangoni. Kiambishi cha mahali -ni kilikuwa dalili kwamba mlango umeshatolewa kwenye tendo na kuwa mahali pa tukio. Sarufi ilinionya, mimi sikusikia.

Nilidanganywa na nini? Nadhani ni vitenzi vya kundi jingine. Tunasema fuatana, ongozana, ungana, shirikiana, na katika vyote tunasikia maana ya kuwa pamoja. Kwa hiyo mtu hujenga kanuni ya haraka kichwani: -ana maana yake ni pamoja. Lakini tukivipanga vitenzi, tunapata makundi matatu:

Kundi la kwanza ni vitenzi ambavyo yambwa yake kwa kawaida ni mtu: saidia, penda, salimu, heshimu. Ukiongeza -an-, watu wanatendeana, na maana inabaki njema: saidiana, heshimiana.

Kundi la pili ni vitenzi ambavyo yambwa yake mara nyingi ni kitu, hasa mzigo: sukuma, vuta, beba. Ukiongeza -an-, watu wanageuka kuwa mzigo. Kuvutana ni kushindana, na ndiko kulikozaa nomino mvutano tunayoisikia katika habari za redio. Kusukumana ni kugombania njia. Kubebana ni mtu kumbeba mtu.

Kundi la tatu ni vitenzi vilivyozoeleka kwa maana ya umoja: fuatana, ungana, shirikiana. Haya ni maneno ya kukariri. Hayatoi ruhusa ya kutengeneza mengine kwa mfano wake.

Kanuni za nguvu katika mchezo zimejaa vitenzi vya kundi la pili. Ndiyo maana mtafsiri yuko hatarini katika kurasa hizo kuliko kurasa za mazungumzo au uchawi. Nimejiwekea kipimo ambacho wenzangu wa mwaka wa kwanza wanaweza kukitumia: baada ya kuandika sentensi ya kazi ya pamoja, jiulize, jiwe limekwenda wapi? Kama jiwe limetoweka kwenye sentensi, basi watu wamekuwa mawe.

5. Namna ya kulirudisha jiwe

Kiswahili kina njia kadhaa za kuliweka jiwe mahali pake. Nitataja tatu.

Njia nyepesi ni kielezi: wanasukuma jiwe pamoja. Ni sahihi, lakini haisemi nani anaongoza, na mchezo unataka kujua hilo.

Njia ya pili ni kutanguliza kauli ya kutendea kabla ya kutendana. Kutoka beba tunapata bebea, ambayo inaongeza nafasi moja ya mtu anayefanyiwa. Kisha -an- inakula nafasi hiyo mpya, na mzigo unabaki salama: wanabebeana mizigo. Ni hesabu ya kuongeza moja na kutoa moja. Lakini maana yake ni kwamba huyu anabeba wa yule na yule anabeba wa huyu, jambo ambalo si sawa na kubeba mzigo mmoja pamoja. Tena njia hii ina mtego wake. Kutoka sukuma tunapata sukumia, kisha sukumiana. Na wanasukumiana mzigo ni watu ambao kila mmoja anataka mwenzake aubebe. Ofisi nyingi zinakijua kitenzi hiki vizuri.

Njia ya tatu ndiyo niliyoisikia mtaani. Baada ya aibu ya mezani, nilisimama mchana mmoja karibu na mpaka mdogo, mahali ambapo chukudu hupita juu ya mawe ya volkano na kukwama. Hayo hayakuwa utafiti, yalikuwa masikio ya mchana mmoja. Mwenye chukudu akikwama peke yake aliwaita wapita njia: munisaidie kusukuma! Wawili walioshika mzigo mmoja waliambiana: tusaidiane kusukuma! Sikusikia hata mmoja akisema tusukumane.

Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa katika kauli hizo. Kitenzi cha kwanza, saidia, ni cha kundi la kwanza. Yambwa yake ni mtu, kwa hiyo kinaweza kubeba -an- bila madhara. Kitenzi cha pili, sukuma, kinabaki bila kiambishi, na jiwe linakaa kwake. Ushirikiano uko upande mmoja, uzito uko upande wa pili.

Zaidi ya hapo, watu wale walikuwa wameshatofautisha kanuni mbili za mchezo bila kuziona. Katika munisaidie kuna -ni-: kazi ina mwenyewe. Ndiye anayeongoza, na ndiye atakayerusha dadu mbili. Katika tusaidiane hakuna mwenyewe. Wote ni watenda na wote ni watendwa. Hilo ni jaribio la kundi. Niliporudi nyumbani niliandika upya ukurasa ule kwa sentensi tatu:

(5) Furaha anasukuma jiwe. Arushe dadu moja.
(6) Furaha anasukuma jiwe akisaidiwa na Baraka. Furaha arushe dadu mbili, achukue kubwa.
(7) Furaha, Baraka na wenzao wanasaidiana kusukuma jiwe. Kila mmoja arushe dadu yake. Angalau nusu wakifaulu, wote wamefaulu.

Tangu siku hiyo mwongozaji hatafuti tena kanuni kwenye karatasi. Anamwuliza mchezaji: sema kwa sentensi mnafanya nini. Mchezaji akisema nisaidieni, anapewa dadu mbili. Akisema tusaidiane, kila mtu anachukua dadu yake. Kitenzi kinatosha.

6. Kubebana na kupokezana

Nimesema kubebana si kubeba pamoja. Nisieleweke kwamba ni neno baya. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na usiku ule watu wa Goma walikimbia, wengine kuelekea Gisenyi, wengine kuelekea magharibi. Watoto waliwabeba watoto, vijana waliwabeba wazee. Watu walibebana, hapo kitenzi kinasema kweli yote, kwa sababu mzigo ulikuwa mtu. Siku tano baadaye, tarehe 27, serikali iliamuru mitaa kadhaa ihamishwe, na sisi tukaelekea Sake, zaidi ya kilomita 20. Bibi yetu hakuweza kutembea mbali. Tulimketisha juu ya godoro kwenye chukudu, tukaanza safari, ndugu watatu.

Ukitaka kuandika safari hiyo kwa kanuni za mchezo, utakwama. Haikuwa msaada, kwa maana hakuna aliyekuwa kiongozi na wengine wasaidizi. Haikuwa jaribio la kundi, kwa maana hatukusukuma sote kwa wakati mmoja. Mmoja alisukuma hadi mikono ikakataa, akampa mwingine, naye akampa wa tatu. Kiswahili kina kitenzi chake: tulipokezana. Kutoka pokea tunapata pokeza, yaani kumfanya mtu apokee. Kisha -an- inakula nafasi ya mtu huyo, na kinachopokewa kinabaki mahali pake: tulipokezana chukudu. Jiwe halikutoweka. Wala bibi hakutoweka. Tulifika naye, na bado anatuuliza nani alisukuma vibaya kwenye kokoto.

Kitenzi hiki kilitufundisha kwamba kanuni zetu zina pengo. Tuliongeza kanuni moja yetu wenyewe, isiyo ya kitabu. Kazi ndefu hugawanywa vipande vitatu. Kila kipande kina mtu wake anayerusha dadu, na hakuna anayeruhusiwa kurusha mara mbili mfululizo. Vipande viwili vikifaulu, kazi imefaulu. Tunaiita kanuni ya kupokezana, na ndiyo inayotumika zaidi mezani kwetu, labda kwa sababu mizigo ya huku ni mirefu kuliko ilivyo mizito.

Binti wa sambaza alirudi Jumamosi ya tatu, baada ya kusomewa ukurasa mpya. Mguu wa mhusika wake ulifutwa kwenye hadithi. Alisema jambo moja kabla ya kuketi: kwamba hakukasirishwa na dadu, dadu haina macho, alikasirishwa na kuambiwa kwamba wenzake ndio waliomsukuma. Nililifikiri neno hilo muda mrefu. Kiambishi changu hakikumpunguzia nafasi ya kufaulu tu. Kilimbadilishia wenzake wakawa maadui.

Hitimisho

Kanuni za nguvu za mchezo huu zinauliza maswali mawili: mtu mmoja anaweza kiasi gani, na mwingine akija, nini kinabadilika? Kiswahili huuliza maswali hayohayo kila tunaponyambua kitenzi. Umbo linaonyesha kazi ni ya nani, nani anasaidia, mzigo uko wapi, na kama unapita mkono hata mkono. Kwa hiyo mtafsiri wa kanuni hana haja ya kubuni istilahi nyingi. Anahitaji kujua kila kiambishi kinaongeza nafasi gani na kinakula ipi, kisha asikilize watu wanaosukuma kweli wanasemaje.

Hoja hii haiishii mezani. Maagizo ya uokoaji, mabango ya ujenzi na mafunzo ya huduma ya kwanza yanayofika Goma hutafsiriwa pia, na mara nyingi na watu kama sisi. Humo nako kuna kuinua, kubeba na kusaidiana. Huko mguu ukivunjika, haufutwi Jumamosi inayofuata.

Zoezi

(a) Chukua vitenzi chukua, funga, tupa, pakia na shika. Viweke katika kauli ya kutendana, kisha uliza: mzigo umebaki kwenye sentensi, au watu wamekuwa mzigo?

(b) Kwa kila kitenzi ambacho mzigo umetoweka, jaribu kwanza kuongeza kauli ya kutendea, kisha jaribu umbo la kusaidiana pamoja na kitenzi jina. Eleza tofauti ya maana. Angalia hasa tupiana.

(c) Sikiliza watu wakipakia au kupakua mzigo karibu na kwenu. Andika maneno wanayoitana, na useme kila wito ungestahili kanuni ipi: dadu mbili za anayesaidiwa, dadu ya kila mmoja, au kupokezana.